Video za mtandaoni bila kuliwa muda na bando: mwongozo kamili kwa wanafunzi na mafundi wa Kigoma na Tabora

Ukurasa wa mwanzo wa YouTube ndio unaomaliza muda na bando za watu wengi. Mtu anaingia kutafuta namna ya kubadilisha kioo cha simu. Kabla hajaandika neno lolote anakutana na magoli ya mechi ya jana, mchekeshaji, mahojiano ya msanii aliyeachana na mwenzake, na video ya chatu aliyemeza mbuzi. Dakika arobaini baadaye meseji inaingia kwamba kifurushi kimekwisha, na kioo bado kimepasuka vile vile.

Mambo yamepangwa yawe hivyo. Tovuti hii ilianzishwa 2005, ikanunuliwa na Google 2006, na kwa miaka kadhaa ilipendekeza video kwa kuangalia zaidi zimebofywa mara ngapi. Mwaka 2012 ikahamia kwenye kipimo kingine: mtu anakaa akitazama kwa muda gani. Kila dakika unayobaki ni nafasi ya kukuonyesha tangazo, na kazi ya mitambo yake ni kukubakisha. Kushindana nayo kwa kujiapiza tu kwamba "leo sipotezi muda" ni kazi bure. Inyime nafasi ya kukuchagulia: ingia na swali lako, pita kwenye kisanduku cha kutafuta, hifadhi unachokihitaji, tazama, kafanye kazi yenyewe.

Humo humo kuna masomo ya Khan Academy, ambayo Salman Khan alianza kuyaweka 2006 baada ya kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali. Kuna mihadhara ya chuo cha MIT cha Marekani, kuna Ubongo Kids kwa watoto wa msingi, kuna walimu wa Kitanzania wanaokokotoa mitihani ya NECTA swali kwa swali, na mafundi wanaofungua injini ya pikipiki hadi boliti ya mwisho. Mwongozo huu ni kwa mwenye simu ya Android ya kawaida, bando la kuhesabu, na umeme usiotabirika.

Hatua ya kwanza: swali liandikwe kwenye daftari

Usifungue YouTube kabla ya kuandika swali, na liwe dogo kiasi kwamba video moja ya dakika kumi inaweza kulijibu. "Nataka kujifunza umeme" litakuzungusha wiki nzima. "Swichi mbili zinawashaje taa moja ya ngazini?" linajibika. Mwanafunzi wa Urambo asiandike "Kemia", aandike "kwa nini usomaji wangu wa bureti (mrija wenye namba wa kupimia kimiminika) unatofautiana kila nikirudia?" Mama wa Mwandiga anayetaka kutengeneza sabuni ya mawese aandike "kilo moja ya mawese inahitaji gramu ngapi za kostiki soda?"

Chini ya swali andika utajuaje kuwa limejibiwa: "nitakokotoa maswali matatu ya mtihani bila kuangalia", "taa itawaka kwa swichi zote mbili". Bila mstari huo, kila video itakayofuata itaonekana ya lazima.

Hatua ya pili: rekebisha simu mara moja

Kazi hii inachukua kama robo saa na hairudiwi. Majina ya vitufe yameandikwa kama yanavyoonekana kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, maana ndivyo simu nyingi zilivyo. Programu hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kitufe kikiwa kimehama, kitafute jirani na hapo.

Anza na historia, kwa sababu ndiyo chakula cha mapendekezo. Gusa "You" chini kulia, kisha alama ya gurudumu juu, kisha "Manage all history". Futa historia yote iliyopo, halafu zima uhifadhi wake. Tangu 2023, akaunti isiyo na historia huonyeshwa ukurasa wa mwanzo ulio karibu mtupu: kisanduku cha kutafuta na maelezo mafupi, basi. Upande wa Shorts, zile video fupi za kusogeza kwa kidole, nao hunyamaza. Wengi huzima historia bila kufuta ile ya zamani, kisha wanashangaa mapendekezo hayajaondoka. Lazima ufanye yote mawili.

Kuna gharama yake. Video uliyoiacha katikati jana hutaiona tena kirahisi, wala simu haitakumbuka uliishia dakika ya ngapi. Ndiyo maana kila video ya maana uihifadhi kwenye orodha yako kwa kitufe cha "Save", na dakika uliyoishia uiandike daftarini.

Ukiwa hapo hapo kwenye gurudumu, tafuta "Playback in feeds" na uizime. Ikiwa imewashwa, video hujicheza zenyewe bila sauti unapozipita, na kila moja inakula MB ingawa hukuigusa. Kisha ingia "Video quality preferences" na kwa mtandao wa simu uchague "Data saver". Zima arifa zote. Mwisho fungua video yoyote na uzime swichi ya kujiendeleza yenyewe. Iko juu ya video, na kwenye matoleo mengine imefichwa ndani ya gurudumu la video. Swichi hii peke yake inaokoa bando la wale wanaosinzia simu ikiwa mkononi.

Kama hutaki kufuta historia, ipo njia ya polepole: kila pendekezo la ovyo, gusa nukta tatu pembeni yake na uchague "Not interested" au "Don't recommend channel". Inasaidia, ila ni kama kung'oa magugu shambani wakati wa masika. Ukipumzika siku tatu yamerudi. Shorts hasa hazisikii dawa hii. Tangu Oktoba 2024 video moja ya Shorts inaweza kufika dakika 3, na unapotazama moja simu inakuwa imeanza kuvuta zinazofuata.

Nje ya YouTube, ingia kwenye mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya matumizi ya data, uone YouTube imekula kiasi gani mwezi huu. Watu wengi hushtuka. Hapo hapo unaweza kuweka onyo na kikomo cha data.

Hatua ya tatu: hesabu ya bando

Kinachoamua ulaji wa bando ni ubora wa picha, unaoandikwa kwa namba kama 144p au 720p: namba ikipanda, picha inakuwa safi zaidi. Haya ni makadirio ya kufanyia hesabu. Video ya ubao mweupe na mkono unaoandika hula kidogo kuliko video ya mpira, kwa sababu picha haibadiliki sana.

Kwenye 144p, kiasi cha MB 1.5 hadi 2 kwa dakika.
Kwenye 240p, MB 2 hadi 4.
Kwenye 360p, MB 4 hadi 6.
Kwenye 480p, MB 7 hadi 10.
Kwenye 720p, MB 15 hadi 25.

Maana yake GB 1 kwenye 720p inaisha kwa takriban dakika 50; kwenye 360p inafika saa tatu na dakika kadhaa. Ni bando lile lile na mwalimu yule yule. Kushuka hadi 144p kunavutia, na kwa somo la kusikiliza, kama Historia au Uraia, hakuna ubaya. Kwa Hisabati ni hatari: 3 na 8 zinafanana, alama ya kutoa inamezwa na ubao, na kipeo kidogo juu ya x hakionekani kabisa. Mwanafunzi anakopi hesabu ikiwa imekosewa, kisha anaamini hesabu ndiyo ngumu. Kwa ubao tumia 360p. Kwa fundi anayetaka kuona waya mwembamba wa chaji unaunganishwa wapi, panda hadi 720p kwa zile sekunde thelathini tu, halafu urudi chini. Ubora unabadilishwa katikati ya video kupitia gurudumu lake.

Vifurushi vya usiku kwa kawaida hutoa MB nyingi kwa bei ile ile, na mtandao unakuwa mwepesi. Tumia usiku kupakua, mchana kutazama. Kitufe cha "Download" kikiwepo chini ya video, chagua ubora wa chini au wa kati kabla hakijaanza, maana wakati mwingine kinakumbuka ubora mkubwa uliouchagua zamani. Unapaswa kujua mambo mawili kuhusu video zilizopakuliwa kwa njia hii. La kwanza, simu lazima iguse mtandao kila baada ya muda, la sivyo zinajifunga. Kulingana na nchi na aina ya akaunti muda huo ni saa 48 au hadi siku 29. Anayepanda treni kutoka Kigoma kwenda Tabora, takriban kilomita 400 zenye vipande virefu visivyo na mtandao, apakue siku ya safari, asipakue wiki moja kabla. La pili, video hizo hazirushwi kwa Bluetooth wala Xender. Zinafunguka ndani ya programu ya YouTube kwenye simu hiyo tu.

Zile programu za pembeni zinazodai kupakua video yoyote ziache. Nyingi hazipo kwenye duka rasmi la Google, zinaomba ruhusa ya kusoma meseji zako, na kwenye simu hiyo hiyo ndiko ilipo pesa yako ya mtandao wa simu.

Hatua ya nne: kutafuta

Mtambo wa kutafuta hujibu maneno uliyoandika, hausomi nia. Ukiandika "hesabu form four" utapata mchanganyiko. Andika mada, kiwango na mtihani: "logarithms form two NECTA", "titration form four practical". Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa Kiingereza na usiogope kuongeza "Tanzania" au "Swahili" mwishoni. Walimu wengi wa hapa huandika kichwa kwa Kiingereza na kufundisha wakichanganya. Kwa ufundi na kilimo, anza na Kiswahili, kisha urudie kwa Kiingereza. Mafundi wa India na Pakistani wana video nyingi za pikipiki za aina zinazotumika hapa kwa bodaboda, na mikono yao inaeleweka hata usipojua lugha.

Matokeo yakija, tumia kichujio cha urefu. Video ya dakika mbili mara nyingi ni tangazo la kitu fulani. Ya saa mbili ni mhadhara. Kwa swali dogo tafuta za dakika nane hadi ishirini. Chagua tatu, zihifadhi kwenye orodha yenye jina la swali lako, halafu funga utafutaji. Kuendelea kutafuta "iliyo bora zaidi" ni namna nyingine ya kupoteza muda, tena yenye heshima, kwa hiyo haigunduliki upesi.

Hatua ya tano: ipime kabla ya kuiamini

Hapa ndipo video zinapoumiza watu kweli. Anayefundisha anaweza kuwa sahihi kabisa huko kwake, na wewe ukaungua hapa kwako. Idadi ya watazamaji haisaidii. Hesabu ya waliokataa video nayo haionekani tangu Novemba 2021, kwa hiyo video mbovu na nzuri zinafanana usoni. Soma maoni ya chini, hasa ya wanaouliza maswali na wanaosema walijaribu ikawaje. Angalia tarehe. Kisha jiulize huyu mtu yuko wapi.

Chukua sabuni. Video nyingi za kutengeneza sabuni nyumbani hutumia mafuta ya nazi. Gramu 1000 za mafuta ya nazi zinahitaji takriban gramu 183 za kostiki soda kugeuka sabuni yote. Mawese yanahitaji takriban gramu 141 kwa uzito ule ule. Mama wa Ujiji akichukua kipimo cha nazi akakitia kwenye mawese, kiasi cha gramu 42 za soda zinabaki bila kazi ndani ya kila kilo, na sabuni hiyo inababua mikono na kuchoma nguo. Watengenezaji makini hupunguza tena asilimia 5, yaani karibu gramu 134 kwa kilo ya mawese, ili mafuta kidogo yabaki. Pima kwa mizani. Kijiko na kikombe havitoshi. Na video isiyosema kwamba soda ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, ifunge hapo hapo: mwalimu huyo hafai, maana kinyume chake mchanganyiko hurukia usoni.

Nyuki ni mfano wa aina nyingine. Fundi wa mizinga wa Sikonge akifuata video ya Ulaya atakata papi za juu, zile ambazo nyuki huanzia masega, kwa upana wa milimita 35. Ni sawa kwa nyuki wa huko. Nyuki wetu wa Afrika ni wadogo kidogo na nafasi ya masega yao ni ndogo, kwa hiyo papi huwa milimita 32. Ukikosea hizo milimita tatu, nyuki wanajenga masega yakivuka papi moja hadi nyingine, na siku ya kurina huwezi kuinua papi moja bila kurarua masega ya jirani na kumwaga asali pamoja na majana.

Umeme unaua, kwa hiyo hapa usicheze. Marekani wanatumia volti 120 majumbani. Sisi tuna 230. Kwao waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni wa kurudi. Kwenye nyumba zetu zenye nyaya za mtindo wa zamani wa Kiingereza, mwekundu ndio moto na mweusi ni wa kurudi. Kwenye nyaya mpya moto ni kahawia, wa kurudi ni bluu, wa ardhini kijani chenye mstari wa njano. Mtu anayefuata video ya Marekani rangi kwa rangi kwenye nyumba ya zamani ya Tabora mjini anaweza kushika moto akidhani ameshika waya mtulivu. Tafuta video za Uingereza au za Afrika Mashariki, na hata hivyo uthibitishe kwa testa. Kazi ya kuunganisha kwenye mita si ya video, ni ya fundi mwenye leseni.

Kwa kilimo swali ni mvua. Video nyingi za Kenya na za ukanda wa kaskazini huzungumzia masika na vuli, misimu miwili. Kigoma na Tabora zina msimu mmoja mrefu, unaoanza karibu Novemba na kuishia Aprili au Mei. Kalenda ya kupanda uliyoiona kwenye video ya Kiambu haikuhusu, hata kama mbegu ni ile ile. Kipimo cha dawa za kuulia wadudu kisome kwenye lebo ya chupa uliyoishika, maana jina linaweza kufanana huku nguvu ya dawa ikitofautiana.

Kwa mwanafunzi hatari ni ndogo ila inauma siku ya mtihani. Mwalimu wa Marekani anaandika mstari ulionyooka kama y = mx + b na kuita m kwa jina la "slope"; kitabu chako kina y = mx + c na neno "gradient". Hesabu ni moja. Lakini mwalimu huyo pia anabonyeza kikokotoo kila hatua, wakati Hisabati ya kidato cha nne kwa miaka mingi imekuwa ya vitabu vya logi. Kabla ya kutazama mada yoyote, fungua muhtasari wa somo uhakikishe imo na inaishia wapi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na kusoma kurasa chache huko kunakula bando dogo kuliko dakika tano za video.

Hatua ya sita: namna ya kutazama

Saa moja ya kujifunza igawe hivi: dakika tano kusoma swali na unachokijua tayari, kumi na tano video, thelathini mazoezi, kumi kurudi kwenye video mahali ulipokwama. Ukiona video imekula dakika arobaini na daftari lina mistari mitatu, unatazama sinema.

Mara ya kwanza tazama bila kuandika, ukijua tu kila kitu kiko dakika ya ngapi. Mara ya pili simamisha kila mwalimu anapouliza swali au anapotaka kuonyesha hatua inayofuata, uifanye wewe kwanza, halafu umwache aendelee. Kusimamisha ndiko kunakofundisha. Video inapita laini kiasi kwamba kila kitu kinaonekana rahisi, na ule urahisi ni wa mwalimu, haujawa wako.

Tuchukue kwa karibu taitresheni (titration), jaribio la Kemia la kupima tindikali dhidi ya besi. Tafuta video inayoonyesha jicho la msomaji likiwa sawa na uso wa kimiminika kwenye bureti. Nyingi zinaruka hapo. Simamisha, soma wewe namba chini ya mkunjo wa kimiminika, kwa desimali mbili, kisha ulinganishe na anayosoma mwalimu. Tindikali ikiwa kwenye bureti na kiashiria cha "methyl orange" kwenye chupa yenye besi, rangi inatoka njano kwenda chungwa. Angalia anavyomimina tone kwa tone karibu na mwisho: hapo rudisha kasi hadi 0.5 na uhesabu matone. Jaribio la kwanza ni la kukisia, haliingii kwenye wastani. Yanayofuata yanapaswa kupishana kwa si zaidi ya 0.20 za sentimita za ujazo. Yakizidi, sababu za kawaida ni jicho kuwa juu ya mstari, kipovu cha hewa kwenye mdomo wa bureti, au kuacha faneli juu ya bureti ikaendelea kudondosha. Hayo matatu yaandike. Ndiyo jibu la swali uliloanza nalo.

Kasi ya 0.75 husaidia lafudhi ngumu, na 1.25 humfaa mwalimu anayezunguka. Maandishi ya chini yanayotengenezwa na mashine yanasaidia Kiingereza lakini hukosea majina na fomula, usiyakopi. Baadhi ya video zina maandishi yote kwenye maelezo chini yake. Ukiyafungua unaweza kusoma dakika ishirini za maneno kwa dakika tatu na kuruka moja kwa moja kwenye sehemu unayoitaka.

Simu ya familia

Nyumba nyingi zina simu moja ya maana, nayo ni ya baba au dada mkubwa. Mtoto akisomea kwenye akaunti ya mzazi, mapendekezo ya mpira na maigizo yanamfuata. Mzazi naye anaanza kuletewa katuni. Fungua akaunti ya pili ndani ya simu hiyo hiyo, iwe ya masomo tu, historia imezimwa, na "Restricted Mode" imewashwa. Kichujio hicho hakikamati kila kitu, kwa hiyo mtoto mdogo atazamie sebuleni. Kwenye gurudumu kuna pia kengele mbili, ya kukumbusha mapumziko na ya muda wa kulala. Ukiiweka ya kwanza dakika 25, ikilia simu irudi kwa mwenyewe.

Kundi la wanafunzi watano wanaochangia bando watumie simu moja yenye spika ndogo, mmoja akishika daftari la maswali. Kusimamisha kunakuwa rahisi kwa sababu kila mtu ana jibu lake, na ubishi wa dakika mbili unafundisha zaidi ya video.

Shule isiyo na intaneti

Shule yenye kompyuta moja inayofanya kazi inaweza kutumia Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa mahali pasipo na mtandao, na ina menyu ya Kiswahili. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 inatosha kuanza. Mtu anaipakua mjini pamoja na masomo anayoyataka, anayabeba kwenye diski ya nje, na kuyaingiza kwenye kompyuta ya shule. Usichukue Khan Academy yote. Ni makumi ya GB. Chagua mada za muhula huu tu. Kisha unganisha kompyuta na ruta yoyote ya Wi-Fi, hata isiyo na intaneti. Simu na kompyuta nyingine zikijiunga na Wi-Fi hiyo, zinafungua kivinjari na kuandika namba ya anwani ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na :8080. Video zinacheza bila bando hata shilingi, na ukurasa wa magoli haupo.

Yanayoharibika mara nyingi ni mawili. Anwani ya kompyuta hubadilika ruta ikizimwa na kuwashwa, wanafunzi wanadhani mfumo umekufa. Ifunge anwani hiyo kwenye mipangilio ya ruta na uiandike ubaoni. Na umeme ukikatika ghafla wakati masomo yanaingizwa, faili hubaki nusu. Kwa hiyo kazi ya kuingiza ifanyike kwenye kompyuta ya mapajani yenye betri iliyojaa, ndipo iwekwe mezani kwa wanafunzi.